Faulo ya Mkono wa Shati

Hoteli ya Wachezaji, chumba namba 9
Tarehe 2 Juni

Mpwa wangu,

Kaa chini kwanza ndipo usome, habari hizi hazisomwi kwa kusimama. Nimepokewa stesheni kwa bango! Bango zima limeandikwa PROFESA kwa herufi kubwa, na aliyelishika amevaa glavu nyeupe. Abiria wenzangu wakaanza kunipisha njia wakidhani nimekuja kufungua daraja. Mimi niliyeishia darasa la sita kwa sababu mwalimu aliogopa nitamnyang'anya kazi! Nikawapungia mkono, sikutaka kuwavunja moyo.

Chumba changu kina vitanda viwili. Nimelala kimoja kabla ya chakula na kingine baada ya chakula, kisije kimoja kikajiona kimetengwa. Bafuni kuna kioo kikubwa kinachoonyesha mtu mpaka dhambi zake.

Sasa nikueleze utaratibu. Tumealikwa wachezaji kumi na wawili. Kila mmoja anacheza na wenzake wote, mechi kumi na moja kwa majuma matatu, na wanne wa juu ndio wanaobaki kwa juma la mwisho. Hapa hakuna kujiandikisha. Unaitwa kwa barua au huitwi. Kuna watu wana vikombe vya snuka nyumbani kama wengine walivyo na sufuria, na hawakuitwa. Nimeitwa mimi.

Jana nilifungua dimba na bingwa wa mwaka jana. Mpwa wangu, nilipiga mpira mweupe kwa fimbo ukaenda, ukafikiri, ukarudi. Mwekundu mmoja nilipoutazama tu ukaona haya ukaingia wenyewe mfukoni mwa meza. Mechi ilipokwisha watu wote ukumbini walisimama. Matokeo utayasikia kwa wengine, mimi kujisifu sijui.

Na lile jambo letu sijalisahau. Mechi za makundi zinaisha tarehe 21. Tarehe 23 nitakuwa mlangoni, nimpokee mama mikononi mwako, na tarehe 24 wewe upande basi lako ukaripoti chuoni. Mwambie Bibi mwanawe yuko juu kabisa, ghorofa ya tatu.

Mimi mjomba wako,
Profesa


Nyumbani
Tarehe 6 Juni

Mjomba,

Shikamoo. Bango nimelisikia, mtaa mzima umelisikia, maana nilimsomea Bibi kwa sauti na dirisha lilikuwa wazi.

Gazeti linafika kwa kinyozi siku ya pili. Limesema umefungwa fremu tano kwa sifuri. Kinyozi anasema watu walisimama kwa sababu mechi ilikuwa imekwisha na walitaka kwenda nyumbani. Nimemwambia aache maneno, lakini nilicheka, unisamehe. Pia anasema uliitwa baada ya mchezaji mmoja kuteleza akavunjika mkono. Hilo sikulicheka. Kuitwa ni kuitwa.

Bibi ni yule yule. Upande wa kulia bado haujaamka tangu kile kiharusi. Ninamgeuza kila baada ya masaa matatu, ninampaka mafuta mgongoni, ninamlisha kwa kijiko kidogo maana kikubwa kinampalia. Jirani mshonaji anakuja kukaa naye nikienda dukani, ila mgongo wake haumruhusu kumwinua. Kwa hiyo tuko mimi na wewe tu.

Mjomba, niseme hili mara moja tu halafu sitarudia. Chuo cha upimaji ardhi kimenichagua hii mara ya tatu. Mwaka juzi nilibaki kwa sababu ulikuwa na mashindano. Mwaka jana ulisema majuma mawili, yakawa sita. Safari hii barua yao inasema nisipofika tarehe 24 kabla ya saa kumi alasiri, nafasi anapewa mwingine na jina langu linafutwa. Nina miaka ishirini na sita. Sikasiriki. Nimechoka tu, na mtu aliyechoka hana nguvu za kusubiri tena.

Njoo tarehe 23. Hata kama umefungwa zote. Hasa kama umefungwa zote.

Mpwa wako


Hoteli ya Wachezaji
Tarehe 9 Juni

Mpwa wangu mwenye ulimi,

Mwambie kinyozi anyoe, snuka aniachie mimi. Ni kweli nimepoteza mechi nne. Lakini nimezipoteza kwa mpango. Mtu mjanja akifika ugenini husoma wenyeji kwanza. Nimewasoma wanne, sasa nawajua mpaka wanavyopumua. Yule wa jana tulipomaliza aliniambia, "Profesa, sijawahi kuona mtu anapoteza kwa mtindo kama wako." Mchezaji hasemi hivyo kwa kila mtu.

Nikupe kisa cha humu. Juzi mchezaji mmoja alitaka kujiondoa arudi kwao, ana harusi ya binti yake. Karani wa mashindano akamfungulia kitabu. Anayejiondoa bila cheti cha daktari, matokeo yake yote yanafutwa kana kwamba hakukanyaga hapa, na haitwi tena maisha. Mtu mzima akarudi chumbani kwake, akakosa harusi. Tunacheka naye mezani lakini sahani yake inarudi jikoni imejaa.

Na kingine, ili ujue mjomba wako anaishi na watu gani. Katikati ya fremu, mtu anaongoza, kimya kabisa, mara anasimama anasema, "Faulo. Tai yangu imegusa mwekundu." Hakuna aliyeona. Mwamuzi hakuona, kamera haikuona. Kajishtaki mwenyewe, akakaa, akampisha mpinzani. Ndiyo desturi ya mchezo huu. Mtu akijisemea faulo mwamuzi haulizi neno, anaandika pointi. Najua utasema nini: kwamba mimi siwezi kusimulia safari ya sokoni bila kumtia simba. Sawa. Lakini nakuapia, miaka ishirini na nane sijawahi kudanganya mezani. Mdomo ni wa barabarani. Meza ni meza.

Tarehe 23 iko pale pale. Kwa jinsi ninavyowasoma hawa watu, hakuna kitakachonichelewesha.

Mjomba wako,
Profesa


Nyumbani
Tarehe 13 Juni

Mjomba,

Shikamoo. Barua yako imefika, na simba hayumo, nimeshangaa.

Nitakuambia ukweli wangu. Niliposoma mechi nne zimepotea nilikaa kwenye ndoo ya kufulia nikashusha pumzi. Halafu nikaona aibu. Sikuombei ufungwe, nakuombea urudi, ila kwa sasa sijui namna ya kuvitenganisha hivyo viwili.

Begi langu nimelipanga, liko nyuma ya mlango. Nimekubandikia karatasi ukutani juu ya kitanda cha Bibi: saa za kumgeuza, dawa ya asubuhi, dawa ya jioni, namna ya kumsimamisha. Usimvute kwa mkono! Mkumbatie kiunoni, mwambie "moja, mbili," yeye anasema "tatu" ndipo mnyanyuke. Usiposubiri "tatu" yake anakuwa mzito kama kabati.

Siku hizi ananiita kwa jina la marehemu mama yangu. Mwanzo nilikuwa namsahihisha. Sasa naitika.

Leo nimebeba shuka tatu mpaka kambani na zimerudi chini na vumbi lote, kamba imekatika. Nimekaa nikaziangalia kwa muda mrefu. Mshonaji akanipigia kelele, "We mwanamke, shuka hazijifui!" Nikazifua tena.

Kinyozi amebadilisha gazeti, sasa analeta la michezo ya farasi. Habari zako nitazipata kwako.

Mpwa wako


Hoteli
Tarehe 16 Juni

Mpwa wangu,

Barua fupi. Nimechoka.

Mambo ni ya kawaida. Meza ngumu, watu wagumu. Mgongo unaniuma nikiinama, macho yanatoa machozi kwa ile taa ya juu. Mchana kutwa wanaume wazima wamefua mashati yao kwenye sinki na kuyatundika madirishani, kila mtu anajipigia pasi mwenyewe, maana shati la mchezo si la kumwachia dobi. Ukipita ukumbi wa chini husikii mtu akiongea. Unasikia mipira tu. Sikuwahi kuiona hoteli hii hivyo juma la kwanza.

Karatasi ya ukutani ni wazo zuri. Mimi na "tatu" ya mama tunafahamiana tangu zamani.

Magazeti usiyatafute, yanachosha macho.

Mjomba


Nyumbani
Tarehe 19 Juni

Mjomba,

Ulipoandika nisitafute magazeti, nikaenda moja kwa moja kuyatafuta. Unanijua.

Umeshinda mara tano mfululizo. Tano! Wameweka picha yako, umeinama juu ya meza, ulimi nje kidogo kama unavyofanya ukitunga sindano. Wameandika kwamba ukimaliza vizuri mechi mbili zilizobaki unaingia wanne bora, na wanne bora wanacheza kuanzia tarehe 25 mpaka 30.

Maisha yangu yote nimesikiliza hadithi zako. Ulimfunga mtu aliyekuwa na fimbo ya pembe za ndovu. Ulipiga mpira ukatoka dirishani, ukazunguka jengo, ukaingia mlangoni mpaka mfukoni. Na leo, mara ya kwanza una kitu cha kweli cha kusimulia, unaniandikia mgongo na sinki. Nimeelewa kwa nini. Ndiyo maana nililia, si kwa sababu nyingine.

Sikiliza basi. Cheza. Usinitazame mimi. Nimemsomea Bibi gazeti, akasema, "Yule mwanangu?" Nikamwambia ndiye. Akasema nirudie. Nimerudia mara nne. Chuo nimekiandikia kwamba siji, bahasha iko mezani, nitaitia posta Jumatatu asubuhi. Wakifuta jina watafuta. Ardhi haitakwenda popote, na wa kuipima watapatikana.

Sisemi haya kwa hasira, naapa. Mtu mmoja wa nyumba hii ashinde. Sijawahi kukuona ukishinda tangu nizaliwe.

Mpwa wako


Ofisi ya Waamuzi
Tarehe 28 Juni

Kwa Profesa,

Nakuandikia nyumbani kwako kwa sababu uliondoka asubuhi ya tarehe 22 kabla sijakupata. Mimi ndiye niliyesimamia meza ya pili katika mechi yako ya mwisho dhidi ya yule tunayemwita Konokono.

Nitaeleza nilichokiona ili usidhani nauliza kwa kubahatisha. Fremu nne kwa nne. Fremu ya mwisho imebaki mpira wa waridi na mweusi. Ulikuwa unaongoza kwa pointi nne. Uliupiga wa waridi ukaingia. Hapo mechi ni yako, na uko katika wanne bora. Nilikuwa nafungua mdomo kutaja pointi zake sita, ukanyoosha mkono ukasema, "Faulo. Mkono wa shati umegusa mweusi." Nikafanya kama ilivyo desturi. Pointi saba kwa Konokono, wa waridi ukarudishwa mezani, naye akaupiga na kuondoka na ushindi.

Ukumbi ulikupigia makofi mpaka taa zikatikisika. Magazeti yamekuita mtu mwaminifu kuliko wote waliowahi kushika fimbo. Kamati inataka mwaliko wa kwanza wa mwaka ujao uandikwe kwa jina lako, na mimi, kama mwamuzi wa meza, ndiye ninayetakiwa kutia sahihi.

Nilikuwa nimechuchumaa upande ule ule, macho yangu kwenye mweusi. Kati ya shati lako na mpira ule ningepitisha kisanduku cha kiberiti. Hukugusa.

Miaka thelathini na moja nimeona watu wakificha faulo. Sijaona mtu akibuni yake. Ninajua sababu moja tu ya mchezaji kutaka kushindwa, nayo ni kwamba amenunuliwa. Kama ndivyo, nitaandika ripoti, utafungiwa maisha na jina lako litabandikwa katika kila ukumbi. Ninakuuliza wewe kwanza. Kalamu ninayo mkononi.

Mwamuzi wa meza ya pili


Nyumbani
Tarehe 3 Julai

Mheshimiwa mwamuzi,

Hukukosea. Shati halikugusa.

Hajaninunua mtu. Asubuhi ile nilipata barua ya mpwa wangu. Ana nafasi ya chuo aliyoikosa mara mbili kwa ajili yangu, na ilikuwa inafutwa Jumatatu. Mama yangu amelala, hawezi kujigeuza, na wa kumgeuza ni mpwa wangu au mimi. Ningeingia wanne bora ningekaa mpaka tarehe 30. Barua yenyewe haikuniita. Iliniambia nibaki nicheze, na ingeniita nadhani ningebaki. Ndivyo nilivyo.

Utauliza kwa nini sikujiondoa. Kwa sababu matokeo yangu yangefutwa. Mheshimiwa, mimi nimeshinda mechi sita mfululizo. Tangu nianze kucheza sijashinda sita mfululizo hata na walevi wa mtaani kwetu. Sikuweza kuwaachia wazifute. Hilo ni kosa langu na sijilaumu sana.

Utauliza kwa nini sikukosa tu mpira kama watu wengine. Nilijaribu. Fremu ya tano nilikusudia kuukosa wa kahawia, ukagonga kona mbili ukaingia mfuko wa upande wa pili, watu wakashangilia. Uliona. Fremu ya nane nilifumba jicho moja, nikaupiga vizuri kuliko nilivyowahi kuupiga nikiwa na yote mawili. Mkono ulikataa. Mimi maisha yangu yote namsimulia kila mtu mipira ambayo sikuipiga, na siku niliyotaka kukosa, nimepiga yote. Kilichobaki ni mdomo, na mdomo nauweza.

Konokono alinishika mkono mlangoni, akanikumbatia, akasema atawaambia wanawe habari zangu. Hilo ndilo linaloniuma. Makofi yale pia. Nilikuwa nimemwambia mpwa wangu kwamba mezani sijawahi kudanganya, na ilikuwa kweli mpaka siku ile.

Andika ripoti ukiona ni haki. Sitabisha. Nakuomba jambo moja: mpwa wangu asijue. Akijua, atarudi. Namjua, atapanda basi la kwanza, na begi lake atalirudisha nyuma ya mlango.

Nimeandika hivi nikiwa nimekaa karibu na mama, ndiyo maana mwandiko umepinda.

Profesa


Ofisi ya Waamuzi
Tarehe 9 Julai

Kwa Profesa,

Nimeuliza nilipopaswa kuuliza. Mpwa wako aliripoti chuoni tarehe 24, saa nane na dakika ishirini. Kwa hiyo nakuamini.

Ripoti sitaandika. Sahihi pia sitatia. Kazi yangu yote imesimama juu ya jambo moja, kwamba mchezaji akijisemea faulo, amesema kweli. Nikikualika tena nitakuwa nakutilia shaka kila unapoinama, na mwamuzi mwenye shaka afadhali akauze nguo. Kamati nimeiambia umestaafu. Ushindi wako wa mechi sita umeandikwa katika kitabu na hautafutwa.

Mama yangu alifariki nikiwa kazini, meza ya pili hiyo hiyo, fremu ya sita. Waliniletea karatasi. Nilimaliza fremu.

Usinijibu.

Mwamuzi


Chuoni, bweni la wanawake
Tarehe 14 Julai

Mjomba,

Shikamoo. Miguu yangu ina malengelenge kumi na moja, nimeyahesabu kama mtu wa hesabu anavyotakiwa. Tunatembea na minyororo ya kupimia tangu asubuhi mpaka jua linapokuchoma kisogo. Mwalimu wetu anasema napiga hatua zilizo sawa kuliko wanaume wote darasani. Nilimjibu nimezoea kutembea na mtu mzito kiunoni. Alidhani nazungumzia mume.

Juzi mwenzangu wa chumbani alifungua gazeti la zamani kufungia viatu vyake, nikakuona. "Mchezaji Ajishtaki, Akosa Nusu Fainali." Mjomba! Ulifika nyumbani Jumapili ile, ukaweka begi chini, ukaniambia, "Nimezidiwa, basi," ukaenda kumgeuza Bibi. Hukusema neno kuhusu shati. Ungeniambia tu! Nimelikata nimelibandika juu ya kitanda. Wenzangu wakiniuliza nasema huyu ndiye mjomba wangu anayetia kila kitu chumvi, na tazameni, siku ya siku alisema kweli ikamgharimu kila kitu.

Kuna jambo sijakuambia. Uliponiambia umezidiwa, mimi nilifurahi. Niligeuka nisikuonyeshe uso, nikajifanya natafuta kiatu. Usiku kucha nikafikiri, mtu gani huyu anayefurahi mjomba wake akipoteza? Kama shati lile lisingegusa, nisingekuwa hapa. Kila nikipima kipande cha ardhi nawaza hivyo. Unisamehe, Mjomba.

Nimeona wameandika kwamba mwakani mwaliko wa kwanza ni wako. Nimeshaangalia ratiba yetu. Juni yote tuna mafunzo ya nje, nitaomba ruhusa nije nikae na Bibi, wewe uende. Safari hii ukae mpaka fainali. Je, barua yao imeshafika?

Mpwa wako


Nyumbani
Tarehe 20 Julai

Mpwa wangu mpimaji,

Malengelenge usiyatoboe, yapake mafuta ya Bibi, nimekufungia kichupa.

Mwaliko? Hukusikia? Walikuja wenyewe. Watatu, wamevaa suti katikati ya joto, gari lao refu mpaka mbele liko kwa kinyozi na nyuma liko kwa mshonaji. Wamebeba barua juu ya mto wa hariri. Mwenyekiti akapiga goti hapa hapa jikoni, akasema, "Profesa, bila wewe mashindano hayana ladha." Nikamwambia simama baba, sakafu nimeipiga deki sasa hivi. Nikawaeleza taratibu, maana walikuwa karibu kulia: mimi nimeshacheza vya kutosha. Kuwafunga watu kunachosha kuliko kufungwa, mwenye kufungwa angalau anapumzika. Nimestaafu. Mmoja akaomba shati lile walitundike ofisini kwao. Nikamwambia nalivaa Jumamosi.

Kwa hiyo Juni usiombe ruhusa. Nenda huko kwenye mafunzo ukapime milima. Mimi siendi popote, na si kwa sababu yako. Mambo ya wastaafu.

Kuhusu kufurahi kwako: nilikuona. Mtu hatafuti kiatu ambacho amekivaa. Nami nilifurahi kwamba umefurahi, na tukiendelea hivi tutaandikiana mpaka karatasi ziishe, kwa hiyo tukomee hapo. Hakuna cha kusamehe. Hilo gazeti ukipata nafasi libandue, ukuta wa bweni unahitaji ramani.

Bibi anakula vizuri. Ananisumbua kwenye "tatu", anaichelewesha makusudi, nimesimama nimemkumbatia kama tunacheza dansi, jirani anapita dirishani anatucheka. Jana kamba ya nguo ilikatika tena nikafua mara mbili. Mgongo wangu sasa unaongea lugha yake.

Kila alasiri nikishamgeuza aelekee dirishani ananiuliza kama nilishinda. Namwambia nilishinda. Ananiuliza kwa ngapi. Namwambia tano kwa nne, mama, mechi ya mwisho. Anafikiri kidogo, halafu ananipigapiga mkono kwa ule mkono wake mzima, anasema, "Nne wamepata nyingi mno, mwanangu. Kesho jitahidi."

Ananiita. Acha niende.

Mjomba wako